Bibi Aliyefia Kwenye Insha

Masizi ya sufuria ukiyachanganya na mafuta ya mgando yanatoa harufu fulani hivi, nusu jikoni, nusu saluni. Juzi nilikuwa nasugua sufuria la ugali hapa nyumbani (niko nyumbani muda wote, majirani wanasema hata kuku wangu wanatembea kuliko mimi), mikono ina mafuta, harufu ikanipanda puani. Papo hapo nikamwona Nestori, mtoto wa jirani yetu wa zamani, ana ndevu za kuchora kwa masizi na mafuta hayohayo, anatetemeka nyuma ya pazia la shuka. Ngoja niwasimulie, ila yaishie hapahapa.

Sekondari yetu ilikuwa pembeni ya mji wa Mpanda, pale ambapo mahindi yanaanza kabla nyumba hazijaisha. Idara ya Kiingereza ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la vitabu vilivyoliwa na mchwa kwenye kona, na somo lenyewe lilikuwa mwalimu kusoma, sisi kuitikia kama tuko kwenye misa. Kisha akaja Madam Zuhura kutoka Tanga. Kiswahili chake kimenyooka mpaka tunaona aibu kufungua midomo, na anacheka na wanafunzi. Mwalimu wa kucheka na wanafunzi hatukuwahi kumwona. Tukaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Akaleta mambo mapya. Tusome wawili wawili, mmoja asome, mwenzake asikilize. Tuandike habari za kwetu kwa Kiingereza, na itakayompendeza itaigizwa siku ya wazazi. Insha ya kwanza ya kidato cha pili ilikuwa hivi: nyumbani kwenu nani anasimulia hadithi, anasimulia kwa lugha gani, na wazee wenu walitokea wapi.

Nilipomweleza mama, akaacha kupepeta.

"Anataka kujua bibi yako alitokea wapi, ili iweje?"

Bibi alitoka Burundi akiwa mkimbizi, mama amebebwa mgongoni. Uraia tulishapata, lakini mama aliamini kwamba kilichotolewa na mtu mwenye kalamu, mwingine mwenye kalamu anaweza kuja kukichukua. Kila aliyewahi kufika kwetu na maswali, nyuma yake lilifuata jambo: kuhamishwa, kuhesabiwa upya, kuambiwa msubiri.

Jioni wakakutana uani kwetu akina mama wa kwaya wenye asili kama yetu na wenye watoto pale shuleni. Kwaya haikuimba siku hiyo. Wakakubaliana watoto wote tuandike nyumba moja: baba mkulima, mama mkulima, hadithi hatusimuliwi, na bibi, mzaliwa wa hapahapa, alishafariki zamani. Bibi mwenyewe yupo mkekani, anapukuchua mahindi, anasikiliza anavyouawa.

"Nimekufa na nini?" akauliza.

"Malaria, mama," mama akamjibu kwa heshima.

Bibi akafikiri kidogo. "Semeni uzee. Malaria wataanza kuuliza kwa nini hamkunipeleka hospitali."

Tukaandika uzee.

Nyie kosa mmeshaliona. Sisi hatukuliona. Rundo zima la insha, bibi yuleyule, uzee uleule, hata mbwa tulimpa jina moja. Madam alizisoma ameegemea kabati, akatutazama mmoja mmoja. Tukangoja viboko vya kunakiliana, havikuja, na viboko visipokuja ndipo unapoanza kuogopa kweli. Kesho yake nikamwona getini anamkabidhi insha zetu mwanaume wa pikipiki aliyevaa koti la kaki. Baadaye sana tulijua kwamba ni mwenye duka la kuchapa karatasi mjini, alikuwa anatuchapia kijitabu cha kusomea. Lakini siku ile nilikimbia na habari hiyo hadi nyumbani, na mama akakata shauri: naacha shule, nakwenda Mwese kwa baba mdogo kulima, kule milimani ambako barabara ni mbovu kiasi kwamba hata wenye kalamu wanakata tamaa njiani. Mimi, ambaye nikilala nje ya kwetu hata mara moja tumbo linaniuma. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Mama akakubali siku ya wazazi ipite kwanza, akamwone huyo Madam kwa macho yake. Bibi naye akagoma kubaki, maana igizo lililochaguliwa lilikuwa hiyo nyumba yetu moja, na yeye hajawahi kusikia mtu anazuiwa kwenda kwenye msiba wake. Wakapatana akae nyuma kabisa, asifungue mdomo.

Nestori ndiye alikuwa baba. Mimi, kwa uvivu wangu wa kukariri, nikapewa bibi, yaani maiti. Nilale mkekani, nifunikwe kitenge, nisikohoe. Sijawahi kupata kazi iliyonifaa kama ile.

Igizo likaanza. Nestori akamlilia mama yake kwa Kiingereza, mkono kifuani, kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Wenzake wakamfuata hivyohivyo. Kutoka chini ya kitenge nikasikia wazazi wanacheka, halafu ikaja sauti niliyoijua kuliko yangu, kwa Kirundi, kali, kwamba hivyo sivyo mtu anavyoliliwa. Nikasikia fimbo ya bibi inagonga sakafu kuja mbele. Akaanza kulia mwenyewe inavyotakiwa, taratibu, akiwataja kwa majina watu aliowaacha alikotoka. Viatu vya Madam vikasogea.

"Shikamoo, bibi," akasema. Halafu akawageukia watu. "Huyu ni bibi wa nani?"

Nikainua pembe ya kitenge nikamwona mama amesimama nusu, ncha ya khanga iko mdomoni, ananitikisia kichwa kidogo tu: hapana. Na bibi yuko pale katikati, machozi mashavuni, kama kifurushi kilichosahaulika stendi. Nilijua nikisema, Mwese inaningoja. Nikainuka, nikakaa.

"Wangu," nikasema. "Ni wangu mimi, Madam."

Watu wa mbele walipiga mayowe kuona maiti inaongea, kisha wakadhani ndivyo igizo lilivyo, wakashangilia. Madam hakuuliza bibi ametokea wapi. Alimletea kiti, akamwomba awafundishe watoto kulia, na bibi akawafundisha kwa ukali, Nestori akarudishwa mara kadhaa.

Tulipofika nyumbani mama akajaza viazi vitamu kwenye kapu, nikajua ni vya kumpelekea baba mdogo Mwese. Akaniambia nivipeleke kwa Madam.

"Ukifika umuulize. Bibi yake yu hai? Alizaliwa wapi? Na huku kwetu amefuata nini? Usirudi bila majibu."

Nikaenda nikauliza, uso nimeuinamisha. Madam akajibu yote bila kununa. Bibi yake alifikishwa Tanga akiwa mtoto, na wazazi waliokwenda kuwa manamba, vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, na huko walikotoka hakuna tena anayepajua. Nikarudi nikamwambia mama. Akanisikiliza, akataka nirudie tangu mwanzo. Mwese haikutajwa tena.

Nilidhani moyo wake umelainika. Wapi. Alimshuku Madam mpaka Madam alipopata uhamisho, na siku anaondoka, mama alitaka kujua kwa nini. Mimi nilishakuwa na watoto wangu ndipo nilipoelewa kilichotokea siku ile. Tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake, mama yangu alikuwa mtu wa kuulizwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliuliza yeye, na mwenye kalamu akamjibu.