HDL haipikwi kwa sufuria: vile mafuta ya kondoo yalitaka kunimaliza

Wakuu, habari za huko mliko. Hii sikuambiwa na jirani, imepita kwenye mwili wangu mwenyewe, na mke wangu, Mama Mwende, yuko hapa kando akinisahihisha.

Mimi ni mnunuzi wa mbuzi hapa Ikutha. Tangu nipate pikipiki, hata chooni ningeenda nayo kama mlango ungetosha. Sigara nayo, usiniulize.

Halafu kaka yangu akapata stroke, akafa. Mke wangu akaogopa, akaniburuta hospitali. Daktari, dada mpole, akasema HDL yangu, ile cholesterol nzuri, iko chini.

Tukatoka kabla hajamaliza kueleza.

"Baba Mwende, kama hiyo nzuri ni kidogo, si tuongeze?"

Na kwetu mafuta mazuri ni ya mkia wa kondoo. Mke wangu akayayeyusha, akamwaga kwa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Nilikula kama mgonjwa mtiifu. Tamu ajabu!

Tuliporudi kupima, daktari alishika kichwa. Ile nzuri iko palepale. LDL, ile mbaya inayoziba mishipa, imepanda.

Mke wangu akamweleza habari ya mafuta ya mkia, akalia. "Kumbe nilikuwa namuua nikidhani namponya."

"Mama, HDL haipikwi," daktari akamwambia. "Aache sigara, apunguze tumbo, atembee. Na hayo mafuta ya kondoo, wacha kabisa."

Sigara ilinitesa, sitawadanganya, lakini niliacha. Mbuzi nikaanza kuwaswaga hadi sokoni kwa miguu, kama marehemu baba. Pikipiki ikabaki nyumbani.

Basi kijiji kikaamua nimefilisika! Akina mama wa kanisa wakaja kutufariji. Wakaomba, wakaacha unga, sukari, na kopo kubwa la mafuta ya kondoo.

Mama Mwende akawarudishia kopo. "Unga asanteni sana. Hii mafuta mrudi nayo, mimi bado nataka bwana."

Kipimo cha juzi: HDL imepanda kidogo, LDL imeshuka vizuri. Daktari anasema tuendelee. Wakuu, nilifurahi karibu nilie.

Somo langu ni moja: kaa kwa kiti mpaka daktari amalize kuongea.

Wewe umewahi kupima? Ulibadilisha nini? Tupeni hapa chini, ila majibu yangu yatachelewa. Mama Mwende ameshavaa raba, ameshika fimbo, na mbuzi wako nje ya boma. Anasema sokoni haniachi niende peke yangu tena.