Kikapu Kilichokwenda Ng'ambo

Wajukuu zangu wanapiga picha ugali, na kabla haujapoa watu wa ng'ambo wameshauona. Sisi, miaka ya sabini, tulionana na watu wa ng'ambo kwenye gazeti la picha. Walilichapa huko kwao kwa Kiswahili, na mume wa wifi yangu akituletea kutoka Mbeya alikofanya kazi ya reli. Tukishalitazama tulijalidia madaftari ya watoto, kurasa nzuri tukabandika ukutani.

Majina ya wote waliohusika ninayo kichwani, hata la mbwa wa mwenyekiti. Siyaandiki, maana wajukuu zao wapo.

Siku moja wageni wa gazeti hilo walikuja na kamera kijijini kwetu, nje kidogo ya Kalenga. Mwenyekiti akataka wapewe zawadi ya kikapu. Kikapu kikatoka kwangu: milulu, yale majani ya kusukia, nimeikata mwenyewe bondeni, nimesuka wiki tatu, nimebana mpaka vidole vikavimba. Lakini aliyechaguliwa kukikabidhi ni wifi, dada wa mume wangu. Alikuwa na meno mazuri na kitenge kipya. Mimi niliambiwa niangalie sufuria la wali.

Miezi ikapita, gazeti likaja. Wifi huyo hapo, ukurasa mzima, na kikapu changu kifuani. Mume wangu akanisomea maandishi ya chini: "Msusi wa Iringa."

"Msusi? Dada yako hata ufagio hajui kufunga!"

"Ni picha tu, mama watoto."

Picha tu! Watu walitoka mpaka Tosamaganga kuja kuiona ukutani kwa wifi. Nilipita mlango ule asubuhi na jioni, nikiapa sitatazama, na nikatazama.

Kisha ikaja barua. Mama mmoja wa huko ng'ambo, msomaji wa gazeti, aliomba asukiwe kikapu kama kile. Wifi akaja kwangu na kicheko cha aibu.

"Wifi, nisitiri. Nitamjibu nini yule mama?"

"Mjibu ukweli."

"Ee! Tumekuoa kwa ng'ombe wazima, bado una maneno?"

Kwetu wifi hanyimwi. Ndiye aliyekupokea siku ulipoletwa, ndiye atakayekusema ukikosea. Nikasuka. Lakini siku hizo nilisuka kwa wivu: milulu sikuiloweka vya kutosha, mizunguko nikaiacha ilegee, ukingo ukaenda upande. Nilitaka huko ng'ambo waseme, kumbe msusi huyu bure kabisa. Wifi hakuona kitu. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka posta.

Shemeji, yule mume wa wifi, akaja na gazeti jingine. Yule mama ameketi nyumbani kwake anacheka, kikapu kimemwegemea kama mlevi, na chini jina la wifi na sifa tele. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikangoja aibu imwangukie.

Mama mkwe, ndiye aliyenifundisha kusuka, alikuwa haoni vizuri. Akalichukua gazeti, akalisogeza mpaka puani, akaligeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Mwanangu," akamwambia wifi, "hiki hukusuka wewe."

Tangu ile picha ya kwanza nilikuwa namngoja mtu wa kusema hivyo mbele ya watu.

Ndipo akanigeukia mimi. "Hapa ukingoni umevusha uzi mweusi mara mbili. Nimekukataza tangu ulipoolewa, na ni wewe tu unayefanya hivyo. Mkono huu ni wako." Akanikabidhi gazeti. "Sasa mbona umetupeleka uchi kwa watu?"

Nikampa wifi gazeti lake. Akaibandika na picha hiyo, kando ya ile ya kwanza.

Kesho yake nilishuka bondeni na mundu kukata milulu mipya. Wivu haukuwa umepoa hata kidogo. Lakini kile kibovu kilikuwa changu, na yule mama wa ng'ambo alikuwa bado hajashika kikapu changu kizuri.