Kiu ya Wanjiku

Mliokulia Kisaju kama mimi mtakumbuka vumbi lililotuganda miguuni, na kati, mchezo wa kukwepa mpira wa makaratasi, tuliocheza hadi mama zetu watuite kwa hasira. Hatukujua kuchoka. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani huuliza kama wataenda na bodaboda.

Mdogo wangu Wanjiku alikuwa na kisukari. Alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na miwili. Kila asubuhi mama alichemsha sindano ya kioo kwenye sufuria. Chupa ya insulini tuliifukia kwenye mchanga wenye maji, kwani friji hatukuwa nayo. Wanjiku hakulia. Alifumba macho, kisha akauliza, "Imeisha, Mami?"

Kiangazi kimoja dawa ikakosekana kule Kajiado. Baba alienda mara mbili, akarudi mikono mitupu. Mama akaanza kupunguza kipimo ili kile kidogo kilichobaki kifike Jumamosi, siku dawa ilipotarajiwa. Hapo ndipo Wanjiku alipoanza kunywa maji, kikombe baada ya kikombe. Maji hayo niliyabeba mgongoni kutoka bwawani, mwendo wa saa nzima.

"Niko na kiu," aliniambia.

"Utamaliza mtungi wote! Ngoja jioni." Nikaficha kikombe.

Sikujua kwamba kiu ile ilikuwa ya ugonjwa. Kesho yake alitapika, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Baba alimbeba hadi barabara ya Namanga, akasimamisha lori la mawe liwapeleke hospitali. Siku ya tatu wakamrudisha kwenye jeneza.

Sasa naishi Kitengela. Binti yangu Wambui ana ugonjwa ule ule. Amebandikwa kidude mkononi, kama kifungo cha koti, kinachopima sukari na kuituma kwenye simu. Insulini yake imo ndani ya kalamu ya kujidunga. Naye hulalamika eti kidude kinaharibu picha zake!

Jumapili iliyopita simu ililia tukiwa mezani. "Ni sukari inashuka, Shosho, usijali," Wambui akamwambia mama yangu, akanywa juisi, akaendelea na hadithi zake. Mama, ambaye macho yake yamefifia, akaushika mkono ule na kukipapasa kidude kwa muda mrefu.

"Hii kitu ilikuwa wapi?" akaniuliza.

Nilimwongezea chai. Wenzangu husema enzi zetu zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu, ndiyo, kwa sisi tuliobaki.