Kapteni Mlangoni kwa Bibi

Wiki iliyopita, hapa Newala, nilimwona ofisa wa jeshi akivua kofia mlangoni kwa jirani, nikamkumbuka kapteni mmoja.

Nilikuwa mdogo alipokuja nyumbani kwetu. Ukoo wa bibi yangu ulikuwepo hapa kabla ya kambi ya jeshi. Askari wageni walikula kwake, na watoto wao walizaliwa mikononi mwake. Mwanawe Hamisi, baba yangu, naye alikuwa askari, amepelekwa mpakani. Alasiri ile bibi alikuwa akichoma korosho, moshi ukituwasha macho. Kapteni akaingia, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Hamisi."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Kapteni akainama. Nilidhani ana njaa. Nikamletea sahani ya ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha.

"Kula, afande."

Bibi akamshika mikono. "Nionyesheni tu mlipomzika. Nitakwenda kwa miguu."

"Mama, hatukumzika. Hatukumpata."

Kapteni alikaa chini kwenye vumbi, akala ming'oko yote huku akilia. Bibi alimsubiri amalize, kisha akamwuliza tena, "Mwanangu yuko wapi?"