Mbunge wa Miezi Minne

Gahungu hakuweza kukaa. Chai aliinywa amesimama, na habari za redio alizisikiliza akitembea, mpaka zulia la sebule likachakaa mstari mmoja kutoka dirishani hadi mlangoni. Mkewe Sabine alikuwa ameacha kumwambia apumzike. Tangu mwaka 1996 walikuwa wamepanga ghorofani huko Laurel, Maryland, na kila hatua za mtu zilipopita nje kwenye korido, Gahungu alinyamaza hadi zipotee.

Kwao Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watu walimpenda kwa kuwa aliwaandikia barua bila kutangaza siri zao, na mwaka 1993 wakamchagua kuwa mbunge. Hakumaliza hata miezi minne Bujumbura. Oktoba wanajeshi walimuua rais, wabunge wakaanza kusakwa, naye akavuka mpaka kwa miguu kuingia Kongo. Kitambulisho cha ubunge alikichoma njiani kwa mkono wake mwenyewe, maana askari wakikikuta, hatoki hai.

Kitambulisho hicho ndicho mahakama ya uhamiaji ya Baltimore ilichokitaka mwanzoni mwa 1998, ombi lake la hifadhi liliposikilizwa. Mwanasheria wa serikali alisema kwa upole kwamba mtu yeyote anaweza kujiita mbunge. Hakimu akampa Gahungu hadi Septemba alete uthibitisho. Alituma barua tano Bujumbura, na miezi ikapita bila jibu.

Asubuhi alifanya kazi ya kumtunza mzee mmoja, Bwana Whitlock, mgane wa miaka themanini na nne ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Whitlock alikuwa ameketi miaka ishirini na miwili katika bunge la jimbo la Maryland, na bado alisoma magazeti kwa hasira, kalamu nyekundu mkononi. Siku moja ya Juni alimwona Gahungu akikunja taulo moja kwa mara ya nne, akamuuliza ana nini. Gahungu akamweleza.

Mzee hakucheka. Aliuliza, "Ulikuwa kamati gani?"

Kamati ya kilimo, Gahungu alijibu. Kuanzia siku hiyo mzee hakumwacha. Alipokuwa akinyolewa aliuliza jinsi mbunge anavyoomba nafasi ya kusema. Akinywa uji, nani hupanga viti. Wiki ya tatu akauliza alifanya nini chama chake kilipomtaka apige kura dhidi ya watu wake.

Gahungu alienda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akasimulia. Ulikuja muswada wa kuwalazimisha wakulima wa michikichi wauze mazao yao yote kwa kiwanda kimoja. Rumonge nzima iliishi kwa mawese, na watu walikuwa na vinu vyao vidogo vya kukamulia. Chama kiliagiza muswada upite. Kura ilipoitwa, Gahungu alikwenda chooni, akajifungia, akasubiri mpaka aliposikia makofi. Aliporudi nyumbani aliwaambia watu kwamba amesimama akapinga, ila wenzake walikuwa wengi.

"Mimi nilitoka ukumbini mara mbili," Whitlock alisema, akageuza uso ukutani.

Septemba mzee alikodi teksi mpaka Baltimore, akaingizwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu. Gahungu alidhani angesimulia habari za kamati na viti tu. Lakini hakimu alipomuuliza kwa nini anamwamini mtu asiye na karatasi hata moja, mzee alisimulia habari ya chooni yote, bila kupunguza.

"Mwongo angejipa ushujaa," alisema. "Huyu aliniambia alikojificha. Aibu hiyo naijua, Mheshimiwa, na huipati mpaka uwe umeketi kwenye kiti kile."

Sabine alikuwa mstari wa nyuma. Mkalimani alikuwa akimtafsiria mumewe kwa Kifaransa, naye Sabine akasikia kila neno. Baba yake alikuwa na kinu cha mawese Rumonge. Kilifungwa kwa sheria ile, naye alifariki mwaka uliofuata ukimbizini Kongo, akiwaambia majirani kwamba mkwewe angalau alisimama akasema.

Hakimu alimpa Gahungu hifadhi siku ileile. Walirudi Laurel kwa treni. Gahungu alisimama karibu na mlango ingawa viti vilikuwa wazi, na Sabine aliangalia nje.

Siku mbili Sabine hakusema naye ila ya lazima. Alipika, akaenda kazini kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, akarudi. Jumapili baada ya misa alimwekea chai mezani.

"Baba Kaneza," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "baba yangu alikufa akiamini ulisema."

"Najua."

"Ulikaa matangani mbele yangu, ukawaacha watu wakusifu."

Gahungu alishika ukingo wa meza. Akasema kweli, ndivyo alivyofanya, na kwamba kila mwaka alijiambia atamweleza.

"Basi nieleze sasa. Siku zote ulizokaa kule, kuanzia ya kwanza. Na usiruke hata moja."

Alianza na siku ya kiapo. Ilimchukua hadi jioni, naye alisimulia amesimama, akitembea na kusimama tena, huku Sabine akimrudisha kila aliporuka jambo.