Nguo Nyeupe ya Osob

Wifi yangu Osob Keinan alikuwa mwanamke wa maziwa, na kama uliishi Garissa miaka ya vita vya shifta bila kuyaonja maziwa yake, basi hukuishi Garissa, ulipita tu. Alikaa sokoni na vibuyu vyake viwili vilivyofukizwa moshi, mrefu, mwembamba, mkali wa ulimi. Ukimuuliza kama maziwa ni ya leo, alikujibu kwamba ya jana ameyaweka kwa ajili ya wanaouliza. Mimi, Arbia, niliuza majani ya chai kwenye mkeka kando yake. Kwa kuwa aliolewa na kaka yangu Nunow, nilikuwa na ruhusa ya kumtania, naye alinitukana bila kuomba ruhusa.

Mwaka wa sitini na sita serikali ilituamuru tukae kwenye vijiji vyenye ua wa miiba. Yeyote ambaye angeonekana nje ya mpaka angehesabiwa kuwa shifta, mwasi wa kupigwa risasi. Ngamia hawakusomewa amri hiyo. Mmoja wa ngamia jike wa Nunow alivuka mpaka akielekea upande wa Bura kutafuta majani, Nunow akamfuata, na doria ikamkuta huko. Mchungaji aliyemzika alituletea fimbo yake ikiwa imefungwa ndani ya mzigo wa kuni. Hatukupiga yowe wala hatukuchinja mbuzi wa dua. Tulikaa ndani, mimi na Osob, tukiuma ncha za mitandio yetu ili majirani wasisikie.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume huvaa nguo nyeupe tupu kutoka kichwani hadi miguuni, miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja, hapaki hina, hajifukizi udi. Mama hazivai, dada hazivai. Nyeupe ni ya mke peke yake. Anayekutana naye njiani huelewa bila kuambiwa, akamwombea marehemu rehema. Sasa fikiria Osob akitoka na nguo hizo. Askari wa kwanza angemuuliza mumewe amefia wapi, na jibu la kweli lingemfanya mke wa shifta: ngamia wachukuliwe, na yeye mwenyewe apelekwe kuhojiwa mahali ambapo wengine walikwenda wasirudi. Kwa hiyo tulitangaza kwamba Nunow amekwenda Habaswein kumuuguza mjomba wake. Osob akaendelea kuja sokoni na guntiino yake ya maua mekundu, ile nguo ya kufunga begani, kama mke ambaye mumewe yuko safarini.

"Abaayo," aliniambia siku moja, maana ndivyo tulivyoitana, dada kwa dada, "watu wananiuliza habari za Nunow, nami nasema hajambo. Mchana kutwa namfufua kwa mdomo wangu. Nikifika nyumbani amekufa upya. Hata mbuzi akifa, mwenyewe anaruhusiwa kusema amekufa."

Alikonda mpaka bangili zikamteleza mkononi.

Wakati huo huo palikuwa na Koplo Musyimi, Mkamba mmoja mcheshi aliyepeleka ujumbe wa polisi kwa pikipiki kati ya Garissa na Bura. Kila asubuhi alisimamisha pikipiki yake mbele ya Osob, akanywa kikombe kizima bila kupumua, akafuta mdomo na kusema maziwa haya yanatosha kumfikisha hadi Mogadishu. Osob alimwambia aende basi, huko watampa maziwa bure. Hakuwa mtu mbaya. Ninasema hivyo nikiwa nimefiwa na kaka, kwa hiyo nataka niaminiwe. Shifta walitega bomu barabarani, pikipiki ikalikanyaga, na Musyimi akafa pale pale.

Ndipo Landrova ikapita mitaani na kipaza sauti. Jumamosi maduka yafungwe. Polisi wenzake wataendesha pikipiki kutoka kituoni hadi mtoni na kurudi, kwa kumbukumbu ya marehemu, na wakazi wote, wanaume kwa wanawake, wasimame kando ya barabara. Kila mtu afunge kitambaa cheusi mkononi. Huu ni msiba wa mji mzima, kilisema kipaza sauti.

Nilikasirika. Ndugu yangu amelala porini bila hata dua ya watu watatu, na mimi nafundishwa namna ya kuomboleza! Osob aliuliza tu kama nimesikia vizuri, kwamba kila mtu ameamriwa avae msiba.

Jumamosi alitoka nyumbani amevaa nyeupe.

Nguo yote nyeupe, mtandio mweupe, uso haukupakwa kitu. Nilimvuta nyuma ya ua. "Wazimu umekupanda? Wataniulizia kaka yangu!"

"Wamesema leo tuvae msiba," akasema. "Mimi msiba wangu ni huu. Leo hakuna atakayeniuliza."

Akaondoka, nami nikamfuata huku nasoma kila dua niliyoijua. Watu walikuwa wamepangwa pande zote mbili za barabara, vitambaa vyeusi mikononi, na kati yao Osob aling'aa kama jino. Wenzetu waliitambua mara moja nguo ya mjane, wakaanza kutazamana. Inspekta, mtu wa bara aliyekuwa na mwezi mmoja tu Garissa, hakuitambua. Alikuja mbio na fimbo yake kwapani.

"Wewe! Watu wanaomboleza, wewe umevaa nguo za harusi? Unafurahi?"

Kumbe kwao nyeupe ni ya bibi harusi. Inspekta akamwita Alio, askari wa utawala, mmoja wa wale madubas wenye vilemba vyekundu. Alio alikuwa Msomali wa hapa hapa. Alijua vizuri kabisa nani huvaa nyeupe kwetu, na alimjua Nunow tangu utotoni. Neno lake moja lingetosha kutuangamiza. Alimtazama Osob, kisha akanitazama mimi.

"Afande," akasema, "kwa sisi Wasomali hii ndio nguo ya msiba. Mtu mzuri akikufa, mama nafaa nyeupe. Huyu naomboleza koblo. Koblo alikuwa nakunywa maziwa yake kila siku."

Uso wa Inspekta ulilainika hata nikamwonea haya. Alivua kofia. Akamshika Osob kiwiko na kumpeleka mbele kabisa, kwenye viti vya wageni, akamsimamisha kando ya mjane wa Musyimi. Mwanamke huyo aliitwa Kavata. Alikuwa ameletwa kutoka Kitui kwa lori, amevaa nyeusi, macho yamevimba. Nilijipenyeza nyuma yao. Hakuna aliyenizuia.

Pikipiki zikatoka kituoni mbili mbili, polepole, taa zikiwaka mchana kweupe. Waendeshaji hawakutazama pembeni. Katikati yao askari wawili walisukuma pikipiki tupu, kofia ya marehemu imefungwa kwenye kiti. Vumbi jekundu lilituangukia sote. Ile pikipiki tupu ilipotufikia, Osob alipasuka. Alilia kilio ambacho alikuwa amekimeza tangu siku ya fimbo, kilio cha kutoka tumboni, akajipiga kifua, akaita kwa Kisomali, "Mtu wangu, mtu wangu, wamekuacha peke yako!" Nikaanza kulia na mimi. Inspekta alitutazama kwa heshima.

Kavata hakuwa mjinga. Alimgeukia Osob, akamwangalia usoni.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "wewe unamlilia nani?"

Angeweza kusema koplo. Ningekuwa mimi ningesema koplo.

"Bwana yangu," Osob akajibu. "Alifuata ngamia yake. Bolisi alibiga yeye. Mimi hapana ruhusa kulia."

Shifta walikuwa wamemuua mume wa mwanamke huyu, na polisi walikuwa wamemuua mume wa huyu mwingine wakimhesabu shifta. Inspekta alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, naye akakaribia.

"Mama, huyu anakuchosha? Tumwondoe?"

Kavata aliutafuta mkono wa Osob, akaushika.

"Mwache," akasema. "Analia na mimi."

Wakasimama hivyo, nyeusi na nyeupe, mpaka pikipiki zikarudi kutoka mtoni na vumbi likatua. Kavata akapandishwa lori. Hatukumwona tena, na hakuna siku inayopita nisimwombee heri.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini Osob hakuivua nyeupe. Jumatatu Inspekta alimkuta nayo sokoni, akamuuliza Alio kama msiba wa Wasomali hauishi. Alio, ambaye sasa alikuwa amezoea kusema uongo, alimwambia ni miezi minne na siku kumi. Inspekta alishangaa sana. Tangu siku hiyo polisi wakawa wanampigia saluti wakipita, na doria haikuigusa nyumba yake hata siku moja.

Hapo ndipo watu wetu walipomgeuka. Habari zilikuwa zimeenea kwamba anamwomboleza koplo, na mumewe, kama wote walivyoamini, yuko hai Habaswein. Wakasema kulikuwa na zaidi ya maziwa. Raho, jirani aliyekula chumvi yetu miaka yote, alisimama mbele ya vibuyu na kusema kwa sauti, "Sinunui kwa mjane wa polisi." Wengine wakamfuata. Maziwa yalichacha, tukayamwaga. Mimi nilitaka kurusha mkeka wangu na chai yote iliyokuwa juu yake. Sentensi moja tu ingewanyamazisha wote, na hiyo sentensi ndiyo tusiyoweza kuisema. Osob, mwenye ulimi ule, aliinamisha kichwa na kusafisha vibuyu.

Alihesabu siku zake tangu alipokufa Nunow, hakupunguza hata moja. Siku ya mwisho, baada ya sala ya alasiri, alioga, akazikunja zile nguo nyeupe, akazipakata. Maua mekundu yalikuwa yamerudi begani.

"Abaayo Arbia," akasema, "nimelia kwa jina la mtu mwingine. Nimetukanwa kwa jina la mtu mwingine. Sasa niite mara moja tu mjane wa Nunow. Kwa sauti, niisikie ikitoka kwa mtu wa damu yake."

Nilifungua mdomo. Nje ya ua wa miiba doria ilikuwa inapita. Nilisikia buti zao, na mmoja wao akimsalimu Osob kwa jina, kwa upole, kupitia ua.

Nikamsogelea mpaka midomo yangu ikagusa sikio lake, nikamwita kwa kunong'ona.