Maneno saba ya kwenda Usinge

Leo kompyuta imenisuta mbele za watu, hapa hapa Chemchem.

Mke wangu yuko kwao Usinge tangu niuze mizinga yake ya nyuki bila kumuuliza. Mwezi wa tatu sasa. Nimechoka, jamani.

Kwao barua ya kuomba radhi inasomwa mbele ya ukoo mzima. Kaka yake akanipigia: "Shemeji, yasizidi maneno mia mbili. Wazee hawana subira na wewe."

Nikaenda stesheneri. Dada wa pale akachapa barua yangu, akaiweka kwenye mtandao mmoja wa kuhesabu maneno.

Mia sita na kumi na mbili!

Kumbe unaonyesha pia neno gani limerudiwa. "Lakini" mara ishirini na tisa. "Samahani" mara moja, mwishoni kabisa.

Dada akaniangalia. "Baba, kwani mama anaitwa nani?"

"Veronika."

"Mbona humu hayumo?"

Waliokuwa wanasubiri fotokopi wakanigeukia. (Ningesema "lakini", ningefikisha thelathini.)

Nikamwambia afute yote, aandike hivi: "Veronika, niliuza mizinga yako bila kukuuliza. Samahani."

Saba. Hayo akayahesabu kwa vidole.

Nimemtumia shemeji picha ya barua hiyo. Amejibu: "Iliyobaki iko wapi?"

Nimemwambia hiyo ndiyo yote.

Nyie mlioko kwenye ndoa, niongeze kitu au niache hivyo?